Picha Moja Tu ya Baba: Kwa Nini Huharibika Tukiikuza?

Zamani picha ya familia ilikuwa jambo la kupangiwa siku. Baba alivaa koti, mama akajifunga kitenge kipya, watoto wakapakwa mafuta mpaka magotini, na wote wakaelekea studio. Siku hizi simu ya mkononi imetuondolea safari hiyo. Mama mmoja aweza kuwa na picha elfu mbili ndani ya mkoba wake. Lakini siku anapoihitaji picha moja kwa jambo kubwa, kama vile kuitia kwenye fremu, kuiweka katika kalenda ya umoja wa wanawake au kwenye jalada la ratiba ya mazishi, ndipo anapoambiwa na mchapaji, "Mama, picha hii rezolusheni yake ni ndogo." Naye hurudi nyumbani asijue ameambiwa nini, wala afanye nini.

Sisi tunaohudumu katika kamati ya kuwafariji wafiwa tumelikuta jambo hili mara nyingi, na kwa kawaida huja wakati mbaya kabisa, pale ambapo maziko ni kesho na picha ni ile moja tu. Ndiyo sababu tumeona tulieleze hapa kwa lugha ya nyumbani. Si jambo la mafundi peke yao. Mama anayejua kushona au kusuka atalielewa upesi kuliko anavyodhani.

Picha ni kama kitambaa cha kudarizi

Bila shaka umewahi kudarizi kitambaa cha meza kwa mshono wa msalaba, au umemwona mama au shangazi akidarizi. Kitambaa kina vijichumba, na kila kijichumba hupata mshono mmoja wa rangi moja. Ukikikaribia sana unaona mishono tu. Ukirudi nyuma hatua mbili, unaona ua.

Picha ya simu au ya kompyuta imetengenezwa vivyo hivyo. Kila kijichumba huitwa pikseli, na kila pikseli ina rangi moja tu. Neno hilo limetumika katika maandishi tangu mwaka 1965, na aliyeliandika ni Fred Billingsley, aliyeshughulikia picha zilizoletwa na vyombo vya anga za juu huko Marekani. Lakini kazi yenyewe ilianza kabla ya hapo, na akina mama tutafurahi kujua kwamba ilianza na mtoto mchanga. Mwaka 1957, katika taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza mashine ya kuisoma picha ya karatasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Picha waliyoiingiza ilikuwa ya Walden, mtoto wa Kirsch, mwenye umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na upana wa sentimita 5 tu, na vijichumba 176 kwa 176. Zidisha, utapata pikseli 30,976. Uso wa mtoto waonekana, macho yaonekana, ila kwa ukungu fulani.

Simu nyingi za leo hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Hizo ndizo "megapikseli 12" zinazotangazwa madukani.

Rezolusheni basi ni nini?

Ni wingi wa pikseli zinazoingia katika kipimo fulani cha karatasi. Wachapaji huhesabu kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Picha ya kushikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu hupendeza ikiwa na pikseli kama 300 kwa kila inchi. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya inchi 4 kwa 6, yahitaji basi pikseli 1200 kwa 1800. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2480 kwa 3508.

Hapo ndipo penye siri yote. Idadi ya mishono haibadiliki kwa sababu umetaka kitambaa kikubwa. Chukua kitambaa chako cha sahani, kivute mpaka kienee meza ya watu wanane: mishono ni ile ile, imeachana tu, na ua limekuwa madoa. Kompyuta nayo, ukiiamuru ikuze picha, haina pa kupata mishono mipya. Inachofanya ni kuangalia pikseli mbili zilizo jirani, moja nyeusi na moja nyeupe tuseme, na kuweka ya kijivu katikati. Hukisia. Zipo njia kadhaa za kukisia, nyingine ni nzuri kuliko nyingine, lakini zote ni kukisia, na ndiyo maana picha iliyokuzwa mno huwa laini kama iliyopigwa nyuma ya chandarua.

Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi wageni wanapozidi. Sufuria hujaa kweli.

Picha ya mume wa mama mmoja

Mama mmoja katika jumuiya yetu alifiwa na mumewe ghafla. Marehemu hakuwa mtu wa kupenda picha. Iliyopatikana ilikuwa moja tu ya miaka ya karibuni, amesimama katikati ya ndugu kwenye arusi ya mpwa wake, na anacheka. Mjane alitaka sura hiyo ikatwe peke yake, iwekwe mbele ya jeneza, na baadaye ikae sebuleni kwa ajili ya watoto.

Picha ilimfikia mjane kwa njia ambayo picha nyingi hupita siku hizi. Wifi yake aliipiga kwa simu yake, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la arusi. Mtu mwingine akaipenda, lakini badala ya kuihifadhi alipiga picha ya skrini, akaituma kwenye kundi la ukoo. Hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa nayo mjane, na ndiyo iliyopelekwa dukani. Kijana wa duka alikuwa na adabu. Alisema, "Pole sana mama, lakini hii nikiikuza sura itapotea." Wanakamati wengine walidhani anatafuta pesa zaidi.

Tukakaa tukapiga hesabu, na msomaji aweza kuifuata. Katika picha ya asili, iliyo kwenye simu ya wifi, upana wote ni pikseli 4000, na marehemu, kichwa na mabega, anachukua sehemu ya tano, yaani pikseli 800. WhatsApp, kwa mpango wake wa kawaida, huipunguza picha ili isimalize salio la intaneti, na upande mrefu hubaki mara nyingi kama pikseli 1600. Hapo baba amebaki na pikseli 320. Ile picha ya skrini haiwezi kupita upana wa kioo cha simu, ambao kwa simu nyingi ni pikseli 1080. Sasa baba amebaki na 216. Katika kila kituo alipoteza kitu, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Sasa mjane alitaka fremu yenye upana wa sentimita 20, karibu inchi 8. Kwa pikseli 216 hiyo ni kama pikseli 27 tu kwa inchi. Kijana alikuwa amesema kweli.

Kilichosaidia hakikuwa programu yoyote. Ilikuwa ni kumpigia simu wifi, usiku, na kumwuliza kama bado anayo picha yenyewe kwenye simu yake. Alikuwa nayo. Tukamwomba aitume kama waraka, si kama picha, maana faili ikitumwa kwa njia ya waraka haipunguzwi. (Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina pia alama ya HD unayoweza kuigusa kabla ya kutuma, husaidia, lakini njia ya waraka ndiyo inayoleta kila pikseli.) Ikaja na pikseli zake 800.

Hata hivyo, kwa sentimita 20 bado ilikuwa kama pikseli 100 tu kwa inchi. Mmoja wetu akamshauri mjane, "Dada, tuifanye sentimita 13. Itakuwa ndogo kidogo, lakini utamwona macho." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nataka nimwone macho." Kwa upana huo picha ilikuwa na pikseli 156 kwa inchi, na kwa fremu inayotazamwa kutoka kwenye kochi inatosha kabisa. Fremu yenyewe tuliichagua pana, yenye ukingo mweupe ndani, hata isionekane kwamba picha ni ndogo.

Tunaliandika hili kwa sababu tumeona wajane wakikabidhiwa picha kubwa ya mtu asiye na sura, na wakashukuru kwa machozi kwa kuwa hawakujua kwamba palikuwa na njia nyingine.

Ndani ya programu: vitu viwili vyenye jina moja

Wanawake wengi siku hizi hutengeneza kadi na ratiba wenyewe kwa kompyuta ya kanisa au ya watoto. Programu mashuhuri ya kurekebisha picha ni Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, lakini ni ya kulipia. GIMP, iliyoanza kusambazwa mwaka 1996 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, ni ya bure mpaka leo na hufanya kazi hii vizuri.

Humo ndani kuna mtego unaowachanganya wengi. Kubadili ukubwa wa picha kwaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kubadili ukubwa wa karatasi tu: pikseli zabaki zile zile, unaiambia tu mashine izisogeze karibu zaidi au iziachanishe zaidi. Hapa hakuna kinachoharibika. Katika GIMP utaikuta kwenye menyu ya picha, imeandikwa "Print Size". Katika Photoshop unafungua "Image Size" na kuondoa alama kwenye kijisanduku cha "Resample". Ya pili ni kuzihesabu pikseli upya, yaani kuzipunguza au kuzikisia. Katika GIMP huitwa "Scale Image", na katika Photoshop ni pale kijisanduku kile kinapokuwa na alama.

Ukitaka kujua kama picha yako inafaa kuchapwa, tumia ile ya kwanza. Andika upana unaoutaka kwa sentimita, kisha tazama namba ya pikseli kwa inchi inayojitokeza. Ikiwa 300, furahi. Ikiwa kati ya 150 na 300, endelea, ila usiikuze zaidi. Ikiwa chini ya 100 na picha ni ya kushikwa mkononi, simama utafute picha ya asili.

Kuna wanaoambiwa kwamba picha yao ni mbaya kwa kuwa imeandikwa 72. Usitishike. Namba hiyo peke yake ni maelekezo tu kwa mashine ya kuchapa, kama vile kibandiko kwenye pakiti. Picha ya pikseli 4000 iliyoandikwa 72 ni ile ile iliyoandikwa 300. Na mtu akiondoa 72 na kuandika 300 huku kijisanduku cha kukisia kikiwa na alama, amejaza faili mishono ya uongo na hakupata kitu.

Bango la mkutano ni habari nyingine. Linatazamwa kutoka mbali, kwa hiyo pikseli 100 kwa inchi, hata pungufu, humridhisha mtazamaji. Ndiyo maana picha ile ile yaweza kupendeza kwenye bango na kuchukiza kwenye kadi.

Jambo dogo la mwisho kuhusu programu: upana na urefu hufungwa pamoja kwa alama ya mnyororo. Usiufungue. Tumeona kalenda moja ambamo watoto wa shule ya Jumapili walitanuliwa upana peke yake ili wajaze nafasi, na sisi wauguzi tukatazamana, maana kwa nyuso zile tungewaandikia wote kwashakoo.

Kupunguza ni rahisi, kurudisha hakuwezekani

Siku hizi maombi mengi ya shule, ya kazi na ya hati hufanywa kwa intaneti, na mfumo hudai picha ndogo, yenye kilobaiti chache tu. Mama humpa mtoto simu aipunguze. Mtoto huipunguza mpaka ikubaliwe, kisha huihifadhi kwa jina lile lile. Picha kubwa imefutwa, imebaki ndogo, na hakuna fundi duniani wa kuirudisha.

Kwa hiyo fanya nakala kwanza, uipe jina jingine, ndipo uipunguze hiyo. Faili ya aina ya JPEG, ambayo ndiyo itumiwayo na simu nyingi, hupunguza uzito kwa kuacha baadhi ya mambo madogo ambayo jicho halitayakosa upesi. Kila unapoifungua, ukaibadili na kuihifadhi upya, huacha mengine tena. Mara moja au mbili hutaona. Mara kumi utaona vijimraba kuzunguka nywele na maandishi. Kama utaifanyia picha kazi kwa siku kadhaa, ihifadhi kwa aina ya PNG mpaka umalize.

Picha ya ugonjwa

Hatuwezi kuacha kazi yetu ya wodini bila kuigusa. Akina mama wengi hututumia picha ya upele wa mtoto au ya kidonda, na nyingi hazisomeki. Sababu kubwa ni kuvuta kwa vidole. Kwa simu nyingi, kuvuta kwa vidole ni kukata kingo na kukuza kilichobaki, mishono ile ile tena. Badala yake sogea wewe, lakini usikaribie mno hata simu ishindwe kulenga. Piga mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu. Weka sarafu au rula kando ya kidonda ili ukubwa ujulikane. Piga na nyingine ya mbali kidogo, ionekane ni mguu au ni mgongo. Kisha itume kwa njia ile ya waraka.

Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu dirishani na kutumwa si ile anayoisoma mtaalamu. Skrini maalumu za kusomea picha za matiti huwa na pikseli kama milioni 5, kwa sababu vidoa vinavyotafutwa ni vidogo kama punje za chumvi. Kwa hiyo usimkubali jamaa yeyote anayekuambia kwenye simu, "Nimeiona, haina kitu." Na mtoto anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu au aliyelegea hapigwi picha, huletwa.

Mashine zinazobuni sura

Zipo sasa programu zinazodai kuirudisha picha iliyofifia kwa akili bandia, na matokeo yake hushangaza. Ngozi inang'aa, nyusi zinahesabika. Lakini swali ni lile lile: mishono mipya imetoka wapi? Programu hizo zimefundishwa kwa nyuso nyingi za watu wengine, na hujaza pengo kwa kile ambacho kwa kawaida hukaa mahali kama hapo. Mwaka 2020 programu moja iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani ilipewa picha iliyopunguzwa sana ya Barack Obama, ikatoa uso wa Mzungu. Watafiti wenyewe hawakuwa wamedai kwamba yaweza kumtambua mtu. Ilikuwa inabuni uso unaowezekana tu. Kwa wasomaji wenye ngozi kama zetu, jambo hilo lastahili kukumbukwa.

Kwa ua la kwenye kadi, au mandhari ya kalenda, hatuoni ubaya. Kwa sura ya marehemu, ushauri wetu ni hapana. Kijana mmoja wa ule ukoo tuliousimulia alileta picha ya baba iliyopitishwa huko, nzuri mno. Binti wa marehemu, wa miaka tisa, aliitazama akasema, "Huyu siyo baba, anafanana naye." Ikaondolewa.

Kama kuna karatasi tu

Wengi wetu tumebakiwa na picha ya karatasi ya mzazi, pengine ile ndogo ya pasipoti. Usiipige kwa simu chini ya taa. Ipeleke kwenye skana, na uombe isomwe kwa pikseli 1200 kwa inchi. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 itakupa pikseli kama 1650 kwa 2120, na kwa 300 kwa inchi yatosha karatasi ya sentimita 14 kwa 18. Nafaka za karatasi zitaonekana kidogo, lakini uso utakuwa wake. Picha ya albamu ya inchi 4 kwa 6, ukitaka kuikuza mara mbili, omba 600.

Kabla ya hapo, tafuta zile bahasha za studio zilizokuja na picha enzi za filamu. Nyumba nyingi zimezitupa kwa kuziona takataka, lakini nyingine bado ziko chini ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Negativu ndogo ya milimita 24 kwa 36, ikisomwa kwa skana ya filamu kwa 2400 kwa inchi, hutoa pikseli kama 3400 kwa 2270, ambazo karibu zajaza ukurasa wa A4. Ishike kwa kingo, usiiguse usoni, usiioshe kwa sabuni, na uihifadhi pakavu, mbali na jua na mbali na watoto wanaopenda kutazamia jua kwayo.